Nimeambiwa nilipe nusu kabla ya mwisho wa mwezi ili ninyanyuliwe maziwa

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi Tanga mjini. Nakuandikia wewe kwa sababu najua kabla ya kustaafu ulikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Na jambo lenyewe nikimweleza mtu wa hapa mtaani, jioni litakuwa limeshafika baraza zote.

Nina miaka 34 na watoto watatu. Wa kwanza na wa tatu niliwazaa kawaida, wa pili kwa upasuaji. Wote nimewanyonyesha miaka miwili miwili, na huyu wa mwisho nimemwachisha miezi minne iliyopita. Mimba yake ilininenepesha sana, nikafika kilo 92. Sasa nina 76 na bado napungua, nataka nifike 68. Nguo zinanikaa, watu wananisifu, lakini nikivua sidiria natamani kulia. Maziwa yamelala. Juu yamekuwa matupu, chini ndiko kulikojaa, na chuchu zinatazama sakafu. Joto la Tanga unalijua mama, chini ya maziwa nachubuka, kila siku ni poda asubuhi na jioni.

Mume wangu hajawahi kunitukana. Ila mwezi uliopita tulikuwa tunatazama simu pamoja, likapita tangazo la kliniki moja ya Dar es Salaam lililoandikwa "Rudisha chuchu saa sita". Akacheka, akasema, "Hawa ndio wa kukusaidia wewe." Akaendelea kutazama mpira wake. Mimi usiku ule sikulala.

Nikawaandikia, wakanijibu ndani ya dakika kumi. Wanasema anakuja daktari kutoka nje kwa siku tano tu, akimaliza anaondoka. Ukilipa nusu kabla ya tarehe 30 unapunguziwa. Nikatuma picha, wakaniambia nafaa, na kwamba ni vizuri niwekewe na silikoni hapo hapo. Wanasema siku ya pili narudi nyumbani na baada ya wiki moja nipo dukani kwangu nauza vitenge. Fedha ninazo, ni za kikoba, mwezi huu tunavunja.

Shangazi yangu nilipomdokeza alikasirika. Kasema haya nimeyataka mwenyewe kwa kunyonyesha mtoto mpaka anakimbia, kwamba nitakatwa chuchu zishonwe upya kama kifungo cha shati, na kwamba kubadili maumbile ni dhambi. Ni kweli chuchu inakatwa? Mume wangu anataka mtoto wa nne mbele ya safari, mimi sijakubali wala sijakataa. Pia nilipotoboa sikio nikiwa msichana, kovu lilivimba likawa kama njugu, mpaka leo lipo. Halafu ziwa la kushoto lina kijivimbe kidogo kama harage, nakigusa tangu nilipomwachisha mtoto, lakini hakiumi kwa hiyo sidhani kama kitazuia upasuaji.

Nisaidie mama, tarehe 30 inakaribia.

Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi ya mwisho kabla hujaniaga. Umeandika habari za kilo, za tangazo, za kikoba, za shangazi, ndipo ukakumbuka kijivimbe. Mimi naanza nacho, na mengine yote yatasubiri.

Kutouma hakuniambii kwamba kivimbe ni salama. Miaka yote niliyokaa wodini niliona wanawake waliokuja wamechelewa, na ukiwauliza kwa nini hawakuja mapema, jibu lilikuwa hilo hilo: hakikuwa kinauma. Saratani ya matiti inapoanza mara nyingi haiumi kabisa. Sikutishi. Vivimbe vingi kwa mwanamke wa umri wako, tena aliyetoka kunyonyesha, huwa si saratani. Kinaweza kuwa mfuko wa maziwa yaliyobaki baada ya mrija kuziba, kinaweza kuwa uvimbe wa kawaida unaowapata wanawake vijana, kinaweza kuwa kifuko cha maji. Lakini kwa kidole hakuna ajuaye, si wewe, si mimi. Kwa miaka yako kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi, kwa sababu nyama ya ziwa la mwanamke kijana bado ni nzito na mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, huona humo kwa shida. Daktari akiona haja, atachoma sindano achukue kinyama kidogo kipelekwe maabara.

Hilo lazima litangulie kisu chochote cha urembo. Upasuaji wa kunyanyua hukata na kuhamisha nyama ya ziwa, ya chini ikapelekwa juu na ya pembeni ikaletwa katikati. Kama kivimbe ni kibaya, daktari wa saratani atakuja kutafuta mahali ambapo hapapo tena. Nimejiuliza pia: hao waliokuambia "unafaa", nani aliweka mkono juu ya ziwa lako? Hakuna. Walitazama picha ya simu, na picha ya simu haionyeshi harage lililo ndani ya nyama. Kwangu mimi jambo hilo peke yake linatosha kuwakataa.

Sasa nije kwa shangazi yako, maana amekubebesha lawama isiyo yako. Kunyonyesha hakukulaza maziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, waliwachunguza wanawake waliofika kutaka kurekebishwa matiti, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Waliona kwamba kinacholaza maziwa ni idadi ya mimba, umri, unene, ukubwa wa maziwa kabla ya mimba, na sigara. Kunyonyesha hakukuwemo. Mimba yenyewe ndiyo inayoyajaza na kuyapanua, ngozi ikavutika, kisha yakinywea ngozi hairudi yote. Ndani ya ziwa kuna kano nyembamba zinazolishikilia, zimepewa jina la daktari Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Zikishavutika hazikazi tena, si kwa mafuta ya kukanda, si kwa krimu, si kwa mazoezi. Mazoezi hukaza msuli wa kifua ulio nyuma ya ziwa, ziwa lenyewe halina msuli. Wewe umezaa mara tatu, ukapanda mpaka kilo 92 na kushuka 16. Maelezo ni hayo. Watoto wako walinyonya haki yao, usijute hata siku moja.

Kuhusu chuchu, hapana, kwa kawaida haitolewi mwilini ikarudishwa kama kifungo. Daktari hukata ngozi kulizunguka lile duara jeusi, lakini chini yake chuchu hubaki imeshikana na nyama yake, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ngozi ya ziada iliyo juu yake huondolewa, chuchu ikapandishwa mahali papya ikiwa bado imeshikana na shina lake, ndipo ngozi ikashonwa. Kutolewa kabisa na kupandikizwa hutokea mara chache, hasa maziwa yakiwa makubwa mno na yanapunguzwa. Shangazi yako hakulitoa hewani, ila si hali yako. Tena hata ikibaki na shina lake, chuchu inaweza kufa ganzi kwa miezi, na kwa wachache ganzi hiyo haiondoki. Mara chache zaidi damu haifiki vya kutosha, sehemu ya chuchu ikafa. Hili huwapata zaidi wavutaji wa sigara na shisha, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Hujaniandikia kama unavuta. Kama unavuta, hata mara moja moja kwenye sherehe, acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, na usimfiche daktari.

Nikueleze asubuhi ya upasuaji inavyokuwa, maana hapo ndipo utajua unachonunua. Mgonjwa hachorwi akiwa amelala. Anasimama wima, kifua wazi, mikono pembeni, daktari anakaa kwenye kiti mbele yake akiwa na kalamu ya wino na futi ya mshonaji. Anapima kutoka kile kishimo cha koo mpaka chuchu. Kwa msichana ambaye maziwa hayajalala huwa karibu sentimita 19 hadi 21. Nimesimama pembeni nimeshika karatasi, nimeandika 27, nimeandika 30, na kulia na kushoto mara nyingi haikulingana. Kisha anatazama mkunjo wa chini ya ziwa, chuchu iko juu yake au chini yake. Mwaka 1976 daktari wa Kanada, Paule Regnault, aliyapanga haya kwa madaraja, na mpaka leo madaktari wanayatumia: chuchu ikiwa usawa wa mkunjo ni daraja la kwanza, ikishuka chini ya mkunjo ni la pili, na ikifika ncha ya chini kabisa ikitazama sakafu ni la tatu. Kwa maneno yako mwenyewe, wewe uko la tatu. Simama mbele ya kioo ujione, halafu uniambie kama nakosea.

Daraja ndilo linaloamua makovu. Aliyelala kidogo anaweza kukatwa kuzunguka duara tu. Wa katikati hukatwa duara na mstari mmoja unaoshuka mpaka kwenye mkunjo. Wa daraja la tatu, mara nyingi, hukatwa duara, mstari wa kushuka, na mstari mwingine mrefu ndani ya mkunjo, umbo la nanga ya jahazi. Hakuna kunyanyua kusikoacha kovu, mwanangu. Unatoa ngozi laini iliyolala, unapokea ziwa lililokaa juu lenye kovu. Wako wanawake walioniambia wangelipa tena hata kesho, na wako waliolia mbele ya kioo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Anayekuuzia upasuaji huu bila kukuchorea makovu kwenye karatasi anakuficha nusu ya bidhaa.

Ndiyo maana ile njugu ya sikioni nimeisoma kwa makini kuliko ulivyoiandika. Hilo ni keloidi, kovu linaloota likavuka mpaka wa jeraha lenyewe, na sisi wenye ngozi nyeusi linatupata zaidi. Kifua, hasa karibu na mfupa wa katikati, ni mahali linapopenda kuota, na ile mikono ya nanga huelekea huko huko. Lakini hiyo bado si hukumu. Una ushahidi mwingine mwilini: kovu la upasuaji wa mtoto wa pili. Liangalie. Likiwa bapa, jembamba, limefifia, ngozi ya kiwiliwili chako inaweza kuwa inapona vizuri kuliko ya sikio. Likiwa limenyanyuka, gumu, linawasha, basi ujue unacheza na moto. Mwonyeshe daktari yote mawili, sikio na tumbo. Yako mabamba ya silikoni ya kubandika na sindano za kutuliza kovu, lakini mipango yake hufanywa kabla ya kukatwa.

Silikoni ya ndani ni habari nyingine, na sipendi walivyokuchomekea kama nyongeza ya soda. Ni kweli kunyanyua hakujazi. Yale matupu ya juu unayoyaona yatapungua, hayataondoka yote, na wanawake wengine huwekewa vifuko kwa sababu hiyo. Lakini kifuko si cha maisha. Kinaweza kupasuka, mwili unaweza kukizungushia kovu gumu likakibana, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri mwenye silikoni apigwe picha ya kuchunguza mpasuko miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 au 3. Nani atakulipia hizo picha? Tena ni uzito mpya unaoning'inizwa kwenye ngozi ambayo imeshaonyesha haibebi. Kwa mtu ambaye hata kivimbe chake hakijapimwa, mimi nasema hapana. Siku ukifika kwa daktari wa kweli, muulize upasuaji wa kunyanyua peke yake utakupa nini, akujibu hilo kwanza.

Hata ungekuwa huna kivimbe wala keloidi, wakati wako bado. Umemwachisha mtoto miezi minne iliyopita, ziwa bado linanywea. Una kilo nane unazotaka kupunguza, na zikitoka baada ya upasuaji, ngozi itabaki tena tupu na fedha ya kikoba imekwenda. Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia, yaani miezi sita hivi hupandi wala hushuki. Halafu kuna huyo mtoto wa nne ambaye hujamkubali wala kumkataa. Mimba baada ya upasuaji haina hatari kwa mtoto, lakini itayapanua tena yale yaliyoshonwa. Na kunyonyesha si jambo la kuahidiwa: kutegemea ulivyokatwa, mirija mingine inaweza kuharibika, maziwa yakatoka kidogo au yasitoke. Kaa na mume wako mmalize hilo kwanza.

Tuje kwa daktari wa siku tano. Sisemi kila daktari mgeni ni tapeli. Nimefanya kazi na wageni mahodari, wenye mikono ya dhahabu. Shida ni kalenda. Vidonda vya upasuaji huu havifunguki siku ya pili wakati daktari bado yupo hotelini. Hufunguka wiki ya pili na ya tatu, pale chini mistari miwili ya nanga inapokutana, kwa sababu ngozi ya hapo imevutwa pande zote na damu yake ni haba. Nimebadilisha bandeji nyingi za mahali hapo. Unafungua, unakuta tundu dogo kama kunde, lina majimaji, mgonjwa anakutazama usoni kusoma kama mambo yameharibika. Mara nyingi hayajaharibika, ni kusafisha na kusubiri wiki kadhaa. Lakini yanataka mtu aliyekukata, au mwenzake anayejua alichokata. Huyu wako wakati huo atakuwa nchi gani?

Waulize kwa maandishi. Jina kamili la daktari ni nani? Ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, au ni daktari tu aliyejifunza urembo? Ana usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika? Mgeni naye anatakiwa awe na kibali cha hapa, usikubali neno "kwao anajulikana". Kituo kimesajiliwa kufanya upasuaji wa usingizi mzito, au ni chumba cha juu ya duka la vipodozi? Dawa ya usingizi atatoa nani, na damu ikipotea au pumzi ikikwama unapelekwa wapi? Upasuaji huu ni wa saa mbili hadi tatu, si kutoa jino. Mwaka 2024 majirani zetu wa Nairobi walizika mwanamke aliyefariki baada ya kuondolewa mafuta katika kliniki ya binafsi, na kliniki ilifungwa baada ya kifo chake. Waombe pia picha za wagonjwa wake mwenyewe wenye ngozi kama yako, mwaka mmoja baadaye. Picha ya wiki ya pili haina maana, ziwa bado limevimba na limekaa juu kuliko litakapotulia. Umbo la kweli huonekana baada ya miezi mitatu mpaka sita na zaidi, makovu hufifia kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu.

Bei nayo iulize yote: chumba, vipimo, daktari wa usingizi, sidiria ya upasuaji, marudio, na kurudishwa chumba cha upasuaji endapo damu itajikusanya usiku ule. Bima nyingi hazilipii urembo, kwa hiyo likiharibika ni mfuko wako. Na punguzo lenye tarehe ya mwisho, mwanangu, ni la vitenge. Wewe ni mfanyabiashara, unajua kwa nini huwa unaliandika dukani.

Wiki moja na urudi kazini? Labda kukaa kwenye kiti upokee fedha, siku ya kumi hadi ya kumi na nne, mwingine akikupangia mzigo. Majora ya vitenge huyainui kwa wiki nne mpaka sita. Na nyumbani ndiko kunakovunja watu. Alikuwapo mama mmoja, alitoka vizuri kabisa, siku ya tisa maji yakakatika, yakarudi saa kumi alfajiri, akaona akinge. Ndoo moja tu ya lita 20. Tulimpokea asubuhi mshono umeachia upande wa kulia na damu imelowesha kanga. Kwa hiyo piga picha nyumba yako bila wewe: nani atakinga maji, nani atakuna nazi, maana kukuna nazi kwenye mbuzi ni kifua kitupu kinachofanya kazi, nani atasonga ugali, nani atafua. Mtoto wa miaka miwili aliyetoka kuachishwa ziwa, atakuja kukurukia kifuani. Utalala chali, sidiria ya upasuaji usiku na mchana wiki kadhaa, bodaboda usipande. Ziwa moja likivimba ghafla na kuuma kuliko la pili, homa, usaha, chuchu kubadilika rangi, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti, au pumzi kukata, hapo hungoji asubuhi, unakwenda hospitali.

Siku ukimwona daktari, mwambie kila kitu unachomeza. Vidonge vya uzazi wa mpango, maana baadhi yake huongeza hatari ya damu kuganda. Aspirini na dawa za maumivu zinazofanana nayo, maana huzuia damu kukata. Dawa za asili pia, hata kama ni mizizi aliyokupa bibi yako na unamwonea haya daktari. Na kama kwenu kuna selimundu, presha au kisukari, sema.

Kisukari nimekitaja pia kwa ajili ya michubuko yako. Poda kwenye jasho huwa tope. Osha, kausha vizuri kwa kupapasa, laza kitambaa safi cha pamba kwenye mkunjo, badilisha kikilowa. Pakiwa pekundu panawasha na kunuka, huenda ni fangasi, ataka krimu ya dawa, na likijirudia rudia pima sukari. Tafuta pia sidiria iliyopimwa mwilini mwako wa sasa. Nina hakika unavaa ya kilo 92. Haya ni madogo lakini yatakupa nafuu wiki hii hii.

La dhambi sitalijibu, si elimu yangu. Nenda kwa mtu wa dini unayemwamini, mweleze na michubuko na kilio, asikie hali yote kabla hajasema.

Na mume wako. Mwanangu, alisema neno moja akarudi kwenye mpira, wewe ukalibeba mwezi mzima mpaka likakufikisha kwenye kisu. Yeye huenda hajui hata kama alisema. Mwambie. Si kwa ugomvi, mwambie tu kwamba usiku ule hukulala. Ukishamwambia, jiulize ukiwa peke yako bafuni, asingesema lile neno, ungetaka? Kama ungetaka, una haki kamili ya kutaka, na sitakuzuia. Mwili ni wako na umezaa nao watu watatu. Uzito ukitulia, suala la mtoto likiisha, kivimbe kikiwa na majibu, panda basi uende ukaonane ana kwa ana na daktari bingwa atakayekuwapo mwezi ujao na mwaka ujao. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikifanya upasuaji rekebishi ukiwemo wa matiti. Anzia huko uulize, hata kama baadaye utachagua kwingine.

Kliniki waandikie hivi: "Nina kivimbe ambacho hakijapimwa, silipi chochote." Usiongeze neno. Wakikupigia usipokee.

Kisha Jumatatu, duka mwachie mtu, uende hospitali ya Bombo, hapo hapo Tanga, mapema kabla foleni haijawa ndefu. Ukifika dirishani usiseme umekuja kwa maumivu ya kawaida. Sema una kivimbe kwenye ziwa la kushoto cha miezi minne na unaomba kipimwe. Fedha ya kikoba kidogo itatosha kwa ultrasaundi. Niandikie ukishapata karatasi ya majibu, hata kama imeandikwa maneno usiyoyaelewa. Nipigie picha uitume, tutaisoma pamoja.